Kula Tena Bila Kujificha
Somo la familia. Someni kwanza 1 Wafalme 19:1-9.



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo likiingia nyumbani huwa halisemwi. Tuseme kuna binti wa miaka 17. Jioni ya siku ya mgao anakula peke yake, haraka haraka, chakula kingi mno, na hawezi kujizuia hata tumbo likianza kuuma. Kisha haya inamshika. Anakwenda chooni, anajitapisha. Kesho yake anashinda bila kula, na nyumbani wanadhani amefunga kwa maombi. Keshokutwa yanarudi yale yale.

Huo ni ugonjwa. Daktari Gerald Russell wa London aliueleza mwaka 1979 na kuupa jina la bulimia nevosa. Wengine hawajitapishi, bali hunywa dawa za kuharisha, au hujinyima kula siku nzima ili kufidia walichokula jana. Hupata wasichana na wavulana, wakubwa na wadogo. Wengi wao hawakondi, na ndiyo sababu mama anaweza kulala nyumba moja na mgonjwa asijue. Angalieni mashavu yaliyovimba karibu na masikio, meno yanayolika na kutia ganzi, makovu juu ya vidole vya mkono, na mtu anayeondoka kila mara baada ya chakula.

Ndugu wengine wakisikia haya husema ni pepo wa ulafi. Mimi naomba tusikimbilie huko. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 wenye afya njema walikubali kulishwa kidogo kwa wiki 24, ili madaktari wajifunze namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa kwa sababu ya vita. Walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao, na baadhi yao walitoka makanisa ya amani kama Mennonite na Quaker. Basi waliwaza chakula mchana na usiku, wakakiota, wakaramba sahani. Walipoanza kushiba tena, baadhi walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema wana njaa. Tabia zao hazikuwa mbaya kabla ya hapo. Njaa ndiyo iliyowafanya hivyo.

Sisi tuliokimbia vita tunaijua njaa hiyo bila kusoma kitabu. Mgao ukipungua, mwili unaingia hofu, na chakula kikionekana unataka kukimaliza chote kabla hakijachukuliwa. Njaa si chanzo pekee cha bulimia. Yamo pia majonzi, mambo mabaya aliyotendewa mtu njiani, na maneno ya kumcheka mtu mwili wake. Lakini mwenye bulimia akijinyima leo, anajiandalia kula kwa fujo kesho. Kwa hiyo kupona kunaanza na kula, wala hakuanzi na kufunga.

Tazameni sasa jinsi Mungu alivyomtendea Eliya. Alikuwa mkimbizi kama sisi, ametoka nchi yake kwa kuhofia kuuawa, na chini ya mretemu aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji. Akalala. Akaamshwa tena, akala mara ya pili. Swali la kwamba anafanya nini mahali pale alikuja kuulizwa baadaye kabisa, kule Horebu. Kwetu mara nyingi tunaanza na swali, tena kwa ukali, na sahani haijawekwa.

Basi kula upya hufundishwa hivi. Mgonjwa ale kwa saa zinazojulikana, asubuhi, mchana na jioni, na katikati apate kitu kidogo, kipande cha muhogo, ndizi au karanga, ili asikae zaidi ya saa tatu au nne bila kula. Wapo watakaouliza: mlo mmoja wenyewe ni wa shida, mitatu itatoka wapi? Hilo ni kweli, nami sitawadanganya kwamba mpango huongeza unga. Lakini kiasi kile kile cha siku kikigawanywa kinasaidia kuliko kikiliwa chote usiku. Kuni nazo ni tabu. Uji wa asubuhi unaweza kukaa kwenye chupa ya chai, na sehemu ya ugali na maharage ya mchana ikafunikwa iliwe baada ya saa chache.

Ale pamoja na wengine, na baada ya kula mtu akae naye kama saa moja hivi, wakichambua lengalenga au wakisuka nywele, mpaka hamu ya kutapika ipite. Msimchunguze kila tonge. Msimwambie amenenepa, wala amekonda, hata kwa mzaha.

Ataanguka tena, mjue hivyo mapema. Siku akitapika, asukutue kwa maji tu. Asipige mswaki papo hapo, maana asidi ya tumbo imelainisha meno. Mlo unaofuata ale kama kawaida. Akiuruka ili kujiadhibu, mzunguko umeanza upya.

Kwa wazee wa kanisa: mtu wa namna hii asiwekwe katika mfungo wa chakula, na asitajwe mbele ya watu. Aombe pamoja nasi akiwa amekula.

Kutapika mara kwa mara kunapunguza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kupoteza mapigo yake hata kusimama. Akizimia, akitapika damu, misuli ikikaza au moyo ukipiga ovyo, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyekonda sana kwa kutokula naye apelekwe kwanza, kwa sababu kulishwa kwa haraka kunaweza kumdhuru. Hata pasipo dalili hizo, mwambieni muuguzi au mhudumu wa afya ya akili. Yapo mazungumzo ya tiba yanayosaidia, na kwa watu wazima ipo dawa iitwayo fluoksetini. Maombi yaendelee pamoja na hayo.

Ya kuzungumza nyumbani: Eliya alilishwa mara ngapi kabla ya kuulizwa? Hapa kwetu nani hula wa mwisho, na hubakiwa na nini? Kuna mtu ambaye hatujamwona akila pamoja nasi wiki hii?