Kuchagua Ubao wa Mawimbi Ukubwani: Somo la Kuelea

Mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao ni wa kale katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na huko Hawaii ndiko ulikostawi kuliko penginepo. Machifu wa Hawaii walitumia ubao ulioitwa olo, ambao uliweza kuzidi urefu wa mita 4. Watu wa kawaida walitumia alaia, uliokuwa mfupi na mwembamba zaidi. Duke Kahanamoku, mwogeleaji wa Honolulu aliyeshinda mbio za mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ndiye aliyeueneza mchezo huu kuliko mtu mwingine yeyote. Mbao za siku zake zilikuwa za mti, ndefu na nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mti uliachiwa nafasi na povu gumu la plastiki lililovikwa kitambaa cha nyuzi za kioo, na uzito ukashuka sana. Miaka kumi baadaye urefu nao ukapungua, kutoka karibu mita 3 hadi mita 2 au chini ya hapo.

Mbao hizo fupi ndizo zilizoonekana katika mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2021 huko Japani, na ya mwaka 2024 huko Teahupo'o, Tahiti. Ndizo pia zinazomvutia mtu wa miaka 50 anayetaka kuanza kujifunza leo, na hapo ndipo anapopotea. Hununua ubao wa bingwa, hukaa nao majini miezi mizima bila kusimama hata mara moja, kisha huuweka darini akidhani kwamba umri umemshinda. Mara nyingi kilichomshinda ni kanuni ya Archimedes.

Kanuni hiyo yajulikana kwa kila mwanafunzi wa sekondari: kitu kilicho ndani ya maji husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Na tuchukue mwanafunzi wa makamo mwenye kilo 80. Ubao mfupi wa kisasa una ujazo wa lita 30 hivi na uzito wa kilo 3. Ukizamishwa wote, huondoa maji ya kilo 30.75; ukitoa uzito wake wenyewe, unabaki uwezo wa kubeba kilo 28 tu. Kilo 52 zilizosalia hazina pa kubebwa ila na mwili wenyewe, nao hauwezi kuzibeba isipokuwa sehemu kubwa yake izame. Kwa hiyo kifua, tumbo na mapaja huburutwa majini, na mikono hufanya kazi ya punda kusukuma mzigo huo dhidi ya ukinzani wa maji.

Ubao wa kujifunzia wenye lita 85 na uzito wa kilo 7 huondoa maji ya kilo 87. Ukitoa 7, zinabaki 80. Mtu wetu analala juu yake mkavu karibu mwili mzima, na kila kasia la mkono humpeleka mbele. Kutokana na hesabu hii yatoka kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukikumbuka dukani, ambako ujazo mara nyingi huandikwa kwenye ubao wenyewe: lita zisipungue kilo za mwili, na ni afadhali zizidi kidogo.

Lakini kuelea ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kasi. Katika maji ya kina kifupi kasi ya wimbi hukaribia kipeuo cha pili cha zao la mchapuko wa mvutano wa dunia (9.8) na kina cha maji. Wimbi la mita moja huanza kuvunjika penye kina cha mita 1.3 hivi, hapo kasi yake ni karibu mita 3.6 kwa sekunde, yaani kilomita 13 kwa saa. Bingwa wa dunia wa kuogelea mita 100 hufikia kidogo zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Ni dhahiri basi kwamba hakuna anayelikimbiza wimbi kwa mikono. Kinachotokea ni kwamba wimbi huinua tezi ya ubao, mtelemko hutokea, na uzito wa mtu humvuta chini ya mtelemko huo mpaka kasi zilingane. Kazi ya mikono ni kupunguza tofauti iliyopo kabla mtelemko haujampita.

Hapa urefu una faida kubwa. Chombo kinachokwenda kwa kusukuma maji kando hujiwekea kizuizi cha mawimbi yake mwenyewe, na kasi kinayoweza kuifikia kwa urahisi hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu wake. Ubao wa mita 2.7 (futi 9, kama wauzaji wasemavyo) hupata kasi inayozidi ya ubao wa mita 1.8 kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Tofauti hiyo yatosha kuukamata wimbi ungali na mgongo wa mviringo, sekunde chache kabla haujasimama wima. Mwenye ubao mfupi hana budi kungoja mahali penye mtelemko mkali, kisha asimame papo hapo. Kijana wa miaka 16 huruka kwa miguu yote miwili kwa kitendo kimoja. Mtu wa makamo hupitia goti, kwa kuwa misuli ya nguvu za ghafla ndiyo hupungua zaidi kadiri umri unavyosonga, na nyonga hukakamaa. Sekunde zile chache ndizo anazozihitaji.

Upana nao humnunulia muda wa namna nyingine. Uwezo wa ubao kukataa kulalia upande hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wake. Kutoka sentimita 48 hadi 58 ni ongezeko la moja ya tano tu kwa macho, lakini kwa ukinzani dhidi ya kupinduka ni kama robo tatu. Hata hivyo ubao hauwezi peke yake kumshika mtu aliyesimama, kwa kuwa kitovu cha uzito wake kiko juu mno. Vifundo vya miguu ndivyo humrekebisha, vikiongozwa na macho na sikio la ndani, na msukumo wa maji yanayopita chini ya ubao husaidia. Ubao mpana huinama polepole zaidi, nao ubongo hupata nafasi ya kutuma amri kabla mambo hayajaharibika.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Vikatwe vipande viwili vya povu la kufungashia vyombo, urefu sentimita 20 na unene sentimita 2, kimoja kiwe na upana wa sentimita 6 na kingine 12. Kila kimoja kichomekwe kijiti wima katikati, na donge la udongo la gramu 100 lipandishwe kijitini hatua kwa hatua vipande vikiwa vimeelea kwenye beseni. Chembamba kitapinduka mapema sana. Kipana kitavumilia kimo kikubwa mara kadhaa, wala si mara mbili tu kama wanafunzi wengi watakavyobashiri.

Ubao mkubwa una gharama zake. Hauwezi kuzamishwa chini ya wimbi linalokuja, hivyo mwenyewe hulazimika kujigeuza chini juu akiwa ameushikilia. Ukizidi upana wa sentimita 60 hivi, kwapa halishiki na bega lenye maumivu hulalamika kabla ya kufika majini. Ukiachwa huru katika maji yanayovunjika ni rungu. Majeraha mengi ya mchezo huu husababishwa na ubao wa mchezaji mwenyewe. Kwa sababu hiyo ubao wa kwanza uwe na ngozi laini ya povu na mapezi yasiyo makali, ufungwe kifundoni kwa kamba yenye urefu unaokaribia ule wa ubao, na kamwe usiwekwe kati ya kifua na wimbi. Ngozi ikichanika izibwe mapema, kwani baadhi ya mapovu hunywa maji na ubao huongezeka uzito bila kuonekana.

Rangi na jina la mtengenezaji havina kazi yoyote katika hesabu hizi. Wala hakuna haraka ya kuupunguza ubao baadaye: mpaka mtu aweze kukamata mawimbi yasiyovunjika na kugeuka kushoto na kulia apendavyo, lita zile bado zinamfanyia kazi. Akifika hapo, apunguze lita chache kwa kila ubao mpya.