Mboga Kwanza: Kula Vizuri Fedha Ikiwa Kidogo

Fedha inapopungua nyumbani, kinachokatwa mwanzo ni mboga. Unga unabaki, mchele unabaki, sukari ya chai inabaki. Lakini maharage yanaongezwa maji mpaka yanakuwa mchuzi, dagaa wanagawiwa kwa kuhesabu, na fungu moja la mchicha linalisha watu saba. Ugali ndio unaoongezwa ili matumbo yajae. Kijitabu hiki kinakuomba ufanye kinyume. Siku fedha ni kidogo, toa kwanza fedha ya mboga, yaani maharage, dagaa, majani, yai, chochote kinachosindikiza ugali au wali. Unga utapatikana kwa kinachobaki, kwa sababu kwa mtu anayetafuta shibe hakuna kitu rahisi sokoni kuliko unga. Cha kupunguza ni soda, sukari, maandazi ya kila asubuhi na mafuta yanayoelea juu ya mchuzi.

Tumewaandikia zaidi watu wa mijini wanaoishi kwa fedha ya siku: mwendesha bodaboda, kibarua wa ujenzi, mama mwenye meza ya matunda, dada wa kazi, na pia mwajiriwa ambaye mshahara wake haufiki tarehe ishirini. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, lakini aliyeko Mwanza au Mbeya hatapotea.

Kushiba peke yake hakutoshi

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, na Iringa ilivuka nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa inayolima mahindi kwa wingi na kuuzia wengine. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuwa uhaba wa ugali tu. Yapo maradhi ya kuhara, ipo kazi nyingi inayomwondoa mama kwa mtoto, na kipo chakula cha aina moja asubuhi, mchana na usiku.

Wataalamu wa lishe nchini wanagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta; vyakula vya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Si lazima makundi yote yakutane kwenye kila sahani. Angalia siku nzima. Uji na karanga asubuhi, ugali, dagaa na matembele mchana, kipande cha papai jioni: hapo umeshapita karibu kote bila kugusa bucha.

Kilo ya maharage na kilo ya nyama

Maharage makavu yana kiasi cha gramu 22 za protini katika kila gramu 100. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina karibu kiasi hichohicho. Sasa uliza bei ya kilo ya kila kimoja sokoni kwako. Katika masoko mengi fedha ya kilo moja ya nyama inarudi na kilo mbili au tatu za maharage, na kilo ya maharage ikishapikwa inaongezeka ukubwa zaidi ya mara mbili. Protini ya maharage ina pungufu lake, lakini mahindi na mchele hulijaza, na maharage nayo huvijazia la kwao. Ndiyo sababu makande na wali maharage ni chakula kamili kuliko watu wanavyokiheshimu.

Mbaazi, choroko na kunde ni zilezile kwa faida, na choroko huiva upesi kuliko maharage. Inatusikitisha kuona mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zikivuka bahari kwenda India huku kwetu watu wengi wakizihesabu chakula cha asubuhi cha Pwani tu, cha kulia maandazi.

Wengi wanaokimbia maharage hawakimbii maharage yenyewe, wanakimbia mkaa. Sufuria ikikaa jikoni saa tatu, kopo la mkaa linaweza kugharimu kuliko kilichomo ndani. Kwa hiyo tujifunze kuyapika.

Chagua kwanza. Maharage yaliyokaa stoo muda mrefu kwenye joto yanakuwa magumu na hayaivi hata ukikesha nayo. Muulize muuzaji ni ya msimu upi, na ununue robo ya kujaribia kabla ya kununua mengi. Ukifika nyumbani yatandaze kwenye ungo, toa mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Usiku kabla ya kulala yaloweke kwa maji mengi, mara tatu ya maharage. Asubuhi yatakuwa yamevimba na maji yamebadilika rangi. Mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Kuloweka hupunguza muda wa kuiva kwa kiasi kikubwa, na hupunguza gesi tumboni.

Bandika, yakishaanza kuchemka yaache yatokote kwa nguvu dakika 20. Hatua hii usiiruke, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha na kuharisha, na kinachoiondoa ni mchemko wa kweli wa dakika zisizopungua kumi, si moto wa chini. Baada ya hapo unaweza kuepua. Funika sufuria vizuri, iweke ndani ya kapu au boksi lililotandikwa nguo kuukuu chini na pembeni, izungushie blanketi, fungia juu. Joto lililomo litaendelea kuivisha wakati wewe uko kwenye shughuli zako. Ukirudi baada ya saa nne au tano, yatakuwa laini au yamebakiza kidogo. Rudisha jikoni yachemke tena, kisha unga kitunguu, nyanya na chumvi. Ukitia nyanya mapema, yatachelewa kuiva. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini yanaua vitamini B1, na aliyeloweka hana haja nayo.

Pika ya siku mbili kwa moto mmoja. Mwenye friji anajua la kufanya. Asiye na friji achemshe sawasawa asubuhi na jioni, na yakianza kutoa povu au harufu ya uchachu ayatupe.

Dagaa

Dagaa wakavu ni nyama ya mwenye fedha ndogo, na tunalisema hilo kwa heshima. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wanatoa madini ya chokaa kwa wingi ambao mnofu wa samaki mkubwa hauna. Wa Kigoma ni ghali kidogo. Wa Mwanza hupatikana kila kona.

Angalia walivyoanikwa. Dagaa aliyeanikwa kwenye chanja au wavu anang'aa na hana mchanga. Aliyeanikwa chini utamsikia kwenye meno. Dagaa mwenye rangi ya njano ya mafuta yaliyochacha, au anayenata mkononi, mwache hata kama bei imeshuka. Watu wengi humchambua kichwa na tumbo kwa sababu ya uchungu; basi fanya hivyo kwa wa mchuzi, ila mifupa ibaki. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu bila kuwaloweka, wakaushe kwenye kikaango kikavu mpaka harufu ibadilike, ndipo utie nyanya na ndimu.

Kwa mtoto aliyevuka miezi sita, wakaushe hivyohivyo, watwange kwenye kinu, chekecha. Unga huo kijiko kimoja kwenye uji au kwenye mboga iliyopondwa ni kitoweo chake cha siku. Uhifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko na utwange kidogo kidogo, usiukalishe wiki nyingi.

Mayai, maini, firigisi na utumbo pia si chakula cha kudharau. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki kina madini ya chuma na vitamini A kuliko kipande kama hicho cha nyama ya kawaida.

Majani

Matembele, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu, mgagani: hakuna nchi inayotakiwa kulia njaa ya vitamini ikiwa na majani haya. Matembele yanaota hata kwenye ndoo iliyotoboka nyuma ya nyumba ya kupanga, na ukikata, yanachipua tena.

Osha majani kabla ya kukata. Yapike muda mfupi na maji kidogo, na maji hayo usiyamwage. Kijiko kimoja cha mafuta, au karanga zilizotwangwa, au tui, kinatosha kuusaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo. Kisamvu kina kanuni yake: kitwangwe na kichemshwe sana bila kufunikwa mwanzoni, kwa sababu kibichi kina sumu.

Chuma kilicho kwenye majani na maharage mwili hukipokea kwa shida. Ndimu, chungwa, nyanya mbichi au maji ya ubuyu kwenye mlo uleule hukisaidia kuingia. Chai hukizuia. Mazoea ya kushushia ugali maharage kwa kikombe cha chai ya rangi yanawagharimu zaidi wajawazito na wasichana, ambao damu yao inahitaji chuma hicho. Chai inywewe saa moja kabla au baada.

Unga na ukungu

Dona ina lishe kuliko sembe iliyokobolewa, kwa sababu pumba na kiini vimebaki. Inachacha mapema, kwa hiyo saga ya wiki mbili, si ya miezi. Kaya kadhaa zikichangia gunia la mahindi na kulipeleka mashineni, kwa kawaida kilo inatoka nafuu kuliko ya dukani.

Lakini mahindi lazima yachambuliwe kwa jicho kali. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kenya, mwaka 2004, ilikuwa imeua watu 125. Kupika hakuiondoi. Toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, nyepesi na zilizosinyaa, na usizisage kwa ajili ya kuku wala kuzipikia pombe.

Tuna neno pia juu ya unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka saba, soya, karanga na hata dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Mama anaulipia sana akiamini kadiri vitu vinavyozidi ndivyo mtoto anavyopona. Hapana. Karanga zikisagwa humo zinachacha upesi, soya isiyotayarishwa ni ngumu tumboni, na punje moja yenye ukungu inaharibu mfuko mzima. Pika uji wa nafaka moja, mahindi au ulezi, kisha wakati wa kupika ongeza karanga zilizosagwa siku hizo, au maziwa, au yai.

Vipimo vidogo

Anayeishi kwa fedha ya siku hununua mafuta ya kupima, sukari ya robo, nyanya tatu za fungu, na kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji juu yake. Hatumlaumu Mangi wa duka wala mwenye genge. Wao pia wananunua kwa mwingine. Ila jipunguzie. Anza na kitu kimoja, labda maharage: weka pembeni fedha kidogo kila siku mpaka ifike ya kununua kilo tano Tandale au soko kubwa la karibu. Vikundi vya upatu vingeweza kugeuza zamu moja kwa mwezi ikawa ya chakula. Dai mzani. Kopo la sado hupondwa na huwekewa kitako. Kilo iliyopimwa vizuri unaiona kwa macho yako. Mboga za majani na nyanya zinunue jioni, wakati muuzaji anaogopa zisilale.

Nani anapata nini

Sufuria ikishaepuliwa, kazi ngumu inabaki kwenye upakuaji. Katika nyumba nyingi baba hupata minofu, watoto wakubwa hufuata, mdogo anamwagiwa mchuzi juu ya ugali, na mama anakomba sufuria. Mchuzi una ladha, lakini protini imebaki kwenye maharage na dagaa wenyewe. Mpakulie mtoto mdogo kwanza, kwenye sahani yake, umpondee maharage kwa kijiko, ujue amekula kiasi gani. Mama mjamzito na anayenyonyesha apakuliwe pamoja na wengine. Baba, hili likitoka kinywani mwako litafuatwa haraka kuliko likitoka kwetu.

Mtoto wa chini ya miezi sita hana haja ya kingine isipokuwa maziwa ya mama, hata maji. Baada ya hapo alishwe mara kadhaa kwa siku, kidogo kidogo, huku akiendelea kunyonya mpaka atimize miaka miwili au zaidi.

Zipo siku ambazo hata haya hayawezekani. Ukiona mtoto anapungua, amepoa, hachezi, nywele zinabadilika rangi, usisubiri mwisho wa mwezi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Chini ya sentimita 12.5 anahitaji kufuatiliwa. Chini ya 11.5, au akivimba miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu hapo anahitaji matibabu na chakula maalumu ambacho jiko la nyumbani haliwezi kukitoa.