TAA YA GARI HAIWAKI: TAFUTA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Chukua barabara ya Lamadi hadi Bariadi wakati wa usiku. Gari linakuja lenye taa moja. Wewe unayekuja mbele yake unadhani ni pikipiki, nawe unalipa nafasi ya pikipiki. Kumbe ni pikapu imejaa marobota ya pamba! Mwenye mkokoteni wa ng'ombe naye hukosea hivyo hivyo.

Taa ikizima, wengi hukimbilia dukani kununua globu. Globu mpya inawekwa, taa bado haiwaki, na fedha imekwenda. Afadhali tujue kwanza njia ya umeme.

Umeme hutoka kwenye betri ya volti 12. Hupita kwenye fyuzi na swichi, hufika kwenye globu, kisha ni lazima urudi kwenye betri. Hurudi kwa kupitia bati la gari lenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita ethi. Njia ikikatika mahali popote, taa haiwaki.

Sasa tazama. Je, zimezima zote mbili? Anza na fyuzi. Imezima moja? Zima swichi, ngoja globu zipoe, kisha hamisha globu ya upande mzima uiweke upande mbovu. Ikiwaka, ile ya zamani ndiyo imeungua. Isipowaka, globu haina kosa, usinunue. Shika globu kwenye chuma chake, si kwenye kioo. Mafuta ya vidole hufanya kioo kipate moto sana mahali pamoja na kupasuka mapema. (Taa za ksenoni za magari mengine ya siku hizi zina umeme wa maelfu ya volti. Hizo mwachie fundi.)

Katika barabara zetu za vumbi na tope, ethi ndiyo husumbua sana. Dalili yake ni taa kufifia, au kuwaka na kuzima gari likiruka shimo. Tafuta waya uliofungwa kwa nati kwenye bati karibu na taa. Chukua kipande cha waya, gusisha ncha moja kwenye kichwa cha waya huo na ncha nyingine kwenye hasi ya betri. Taa ikiwaka vizuri, umepata ugonjwa. Fungua waya wa hasi kwenye betri, kisha fungua nati ile. Sugua kutu kwa msasa mpaka bati ling'ae, kaza tena, paka grisi kidogo. Waya nyingine usiziguse hivyo, utapiga shoti.

Fyuzi nayo ina mambo yake. Magari mengi hutoka Japani, na maandishi ya kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi hatuyasomi. Lakini tarakimu ni zile zile ulizojifunza kisomoni: 10, 15, 20. Rangi pia husaidia: 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano. Weka namba ile ile iliyokuwapo.

Kwa nini? Globu moja ni wati 55. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 4 na nusu hivi. Globu mbili ni ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya 15 inazitosha. Mtu akiweka waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, taa itawaka, tena atasifiwa kuwa ni fundi. Lakini siku waya ikichubuka, hakuna cha kukata umeme. Waya yenyewe itashika moto, na gari litaungua likiwa na abiria. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu. Fuata waya kwa macho mpaka uone palipochubuka au palipotafunwa na panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi hupata sana shida hii.

Zoezi: Gari la volti 12 lina taa mbili za breki. Kila globu ni wati 21. Zikiwaka pamoja, zinatumia ampea ngapi?