Maradhi ya Kiharusi: Dalili Zake, na Yapasayo Kufanywa Kabla ya Kufika kwa Daktari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo: katika darsa zetu tumezoea kuzungumza juu ya ibada na muamala, na baadhi ya wasomaji huenda wakastaajabu kuona leo tumeshika habari ya maradhi. Lakini kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, waliyoyataja maulamaa pamoja na kuhifadhi dini, akili, nasaba na mali. Na maradhi tutakayoyaeleza huushambulia uhai na akili kwa pamoja. Tena katika miji yetu ya pwani wako waliokufa kwayo, na waliobaki viwete maisha yao yote, kwa sababu ya saa zilizopotea nyumbani wakati watu wakishauriana.

KIHARUSI NI NINI?

Wengi katika watu wetu, wakimwona mtu mdomo umekwenda upande na mkono umelegea, husema amepigwa na upepo mbaya, au amekumbwa na jini. Hapo huitwa mganga, mgonjwa akafukizwa mavumba, akanyweshwa kombe, akafungwa hirizi. Na siku ya tatu, mambo yakishindikana, ndipo huchukuliwa hospitali. Na akifa husemwa kuwa hospitali ndiyo iliyomwua.

Hakika ya maradhi haya ni kama ifuatavyo. Ubongo huishi kwa damu iletwayo na mishipa, na hauwezi kustahimili kuikosa hata kwa muda mchache. Kiharusi huja kwa njia mbili. Ya kwanza, nayo ndiyo iliyo nyingi zaidi, ni mshipa kuzibwa na damu iliyoganda. Ya pili ni mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani ya kichwa. Katika hali zote mbili sehemu ya ubongo hukosa riziki yake ikaanza kufa. Madaktari wamekadiria kwamba unapozibwa mshipa mkubwa, chembe za ubongo kiasi cha 1,900,000 hufa katika kila dakika moja. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo huutawala upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huutawala wa kushoto, ndipo ukaona mtu amelegea nusu moja na nusu ya pili i nzima.

Wala elimu hii si mpya kwa Waislamu. Matabibu wetu wa kale waliyajua maradhi haya kwa majina ya faalij na sakta. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 H. (1037), aliyaeleza katika kitabu chake cha Qanun pamoja na maradhi mengine ya kichwa na ya mishipa ya fahamu. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra, alipooza nusu ya mwili katika uzee wake, na habari zake zimeandikwa kuwa ni habari za mgonjwa. Kisha mwaka 1658 tabibu wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer, alieleza yale aliyoyaona alipopasua vichwa vya waliokufa kwa maradhi haya, nayo ni damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Basi twauliza: ikiwa matabibu wa Kiislamu, miaka elfu iliyopita, waliyatia katika mlango wa maradhi ya kichwa, sisi tumeyatoa wapi haya ya kuyatia katika mlango wa mashetani?

Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Tunalolikanusha ni kuwasingizia kila ugonjwa bila ya dalili, na kuyafanya madai hayo kuwa biashara ya kula mali za wagonjwa.

DALILI ZAKE

Alama kubwa ya kiharusi ni kuja kwa ghafula. Mtu alikuwa mzima akizungumza barazani, na mara hali yake ikabadilika. Yatazameni mambo manne:

1. Uso. Mwambieni atabasamu au aonyeshe meno. Mkiona upande mmoja wa mdomo umeanguka, hiyo ni dalili.

2. Mikono. Mwambieni afumbe macho na anyoshe mikono yote miwili mbele yake, viganja vikielekea juu, na mhesabu mpaka kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au usiinuke kabisa, hiyo ni dalili.

3. Maneno. Msikilizeni. Je, ulimi umekuwa mzito? Je, asema maneno yasiyopangika, au hafahamu aambiwalo? Wala msitosheke kwa kumsikia akisoma Fatiha, kwani maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni huweza kubaki ulimini hali maneno mengine yamepotea. Muulizeni jambo la siku ile: amekula nini, au nani amekuja kumtazama.

4. Saa. Mkiona hata moja katika dalili hizi tatu, itazameni saa na muiandike, kisha mwende mbio.

Ziko na dalili nyingine: kupoteza nuru ya jicho moja au yote mawili kwa ghafula, kizunguzungu na kuyumba kama mlevi, au kichwa kuuma kwa nguvu ambazo mtu hajapata kuziona maishani mwake. Na jueni kwamba mara nyingi kiharusi hakina maumivu. Jambo hili limewadanganya wengi, wakasema, "Haumwi na kitu, mwacheni alale kidogo." Kulala huko ndiko kunakomwangamiza.

Hutokea pia dalili zikaja, kisha baada ya dakika chache au saa moja zikaondoka zote, mtu akarudi kama alivyokuwa. Watu hufurahi, na ikiwa mganga alikwisha kuitwa, yeye ndiye apewaye sifa na ujira. Kumbe hilo ni onyo, kwani aliyepatwa na hayo yu katika hatari ya kupatwa na kiharusi kizima katika siku chache zinazofuata. Naye pia apelekwe hospitali siku ile ile.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, itisheni msaada. Hapa Kenya namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Ikiwa gari la wagonjwa litakawia, chukueni gari lolote lililo karibu. Mtu mmoja apige simu hospitali kuwaarifu kwamba yuaja mgonjwa wa kiharusi, na aulize kama mashine ya kupiga picha za ubongo ipo na yafanya kazi. Aliyeko Likoni amtangulize mtu kuwaeleza wasimamizi wa feri. Aliyeko Lamu mjini, ambako gari halipiti vichochoroni, atafute machela na vijana wa kuibeba, na boti iwekwe tayari gatini ikiwa itabidi kuvuka.

Pili, kumbukeni ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Hili ndilo swali la kwanza la daktari. Akiwa ameamka usingizini na dalili, saa inayohesabiwa ni ile aliyokwenda kulala hali yu mzima.

Tatu, mlazeni mahali salama, mlegezeeni nguo za shingoni na kiunoni, na watu wasimzonge. Akiwa yu macho, kichwa kiinuliwe kidogo kwa mto. Akiwa amezimia lakini avuta pumzi, au atapika, mlazeni kwa ubavu ili mate na matapishi yatoke nje yasimpalie. Semeni naye kwa upole, kwani huenda asikia yote hali hawezi kujibu.

Nne, akiwa haitiki wala havuti pumzi kama kawaida, mlazeni chali, na mmoja wenu aweke viganja vyake, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, abonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimita 5 kwenda chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, wala asiache mpaka msaada ufike au mgonjwa aanze kuvuta pumzi.

Tano, chukueni dawa zake zote anazotumia, na muwaambie madaktari kama ana kisukari au presha.

YASIYOFAA

Msimpe kitu chochote kwa mdomo, si maji, si chai, si asali, si habasoda, wala kombe. Koo lake huenda limepooza pamoja na mkono, na kimiminwacho kikaingia mapafuni. Katika mwezi wa Ramadhani jihadharini zaidi, maana mtu akianguka mchana watu husema ni njaa ya saumu, wakamkimbizia maji ya sukari. Mpimeni kwanza kwa yale mambo manne.

Msimpe aspirini. Dawa hiyo yafaa katika kiharusi cha kuziba na yadhuru katika cha kupasuka, na hakuna awezaye kuvipambanua kwa macho bila ya picha. Wala msimwongezee vidonge vya presha ili damu ishuke upesi. Msimchanje, msimpige chuku, msimchome vidole kwa sindano, msimkande wala kumwinua atembee "ili damu ifunguke". Akishikwa na degedege msimtie kijiko mdomoni.

Na sababu ya haraka yote hii ni kwamba iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Mwaka 1995 ilithibitishwa kuwa yafaa ikitiwa katika muda wa saa 3 tangu dalili kuanza, na mwaka 2008 ikathibitishwa mpaka saa 4 na nusu. Muda huo ukipita, kwa wagonjwa walio wengi mlango wake hufungwa. Si kila hospitali inayo, lakini hata pasipokuwa nayo, mgonjwa aliyewahi hupata uangalizi wa pumzi, wa kumeza na wa presha, na kupona kwake hutarajiwa zaidi.

SHUBUHA MBILI NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: uhai na mauti yamo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, kukimbilia hospitali kutaongeza nini? Jawabu yetu ni kwamba Mtume (S.A.W.) ndiye mbora wa wenye kutawakali, naye aliwaamrisha watu wajitibu. Na imepokewa na Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimzuru, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Basi aliyeachia sababu alizoziweka Mola wake, hakutawakali, bali amezembea. Ama dua na kusoma Qur'ani, hizo ni kheri kubwa, na zasomeka ndani ya gari huku gari likienda.

Shubuha ya pili twaiogopa zaidi. Mwanamke huanguka nyumbani, na waliopo wakasema: mumewe hayupo, au mwanawe mkubwa yuko Dubai, ngojeni apatikane atoe ruhusa. Au jirani mwanamume akaona haya kumbeba. Ndugu zetu, dharura ina hukumu yake, na maulamaa hawakuhitalifiana kwamba kuokoa roho hutangulizwa juu ya hayo. Mbebeni kwa heshima na sitara, ampokee daktari aliyepo, mwanamume au mwanamke, na mume aarifiwe kwa simu mkiwa njiani. Mume ataudhika kwa kutokuulizwa, au ataudhika kwa kumkuta mkewe hasemi tena? Kila mwenye nyumba na atoe idhini hii leo, mbele ya watu wake, ili siku ya shida pasiwe na wa kungojwa.

KUJIKINGA

Mzazi mkubwa wa kiharusi ni presha ya damu, nayo haina kelele. Mtu hukaa nayo miaka asijue. Kila aliyefika umri wa utu uzima apimwe, na ikiwa mara kwa mara yapatikana 140 kwa 90 au zaidi, aonane na daktari. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amejiona mzima, kwani huo uzima ndio kazi ya vidonge. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo pamehesabiwa chumvi ya achari, ya ng'onda na ya papa mkavu tunayoisahau. Sigara iachwe. Miraa na muguka, vilivyowashika vijana wetu, hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Mwenye kisukari ajichunge, na mwenye moyo upigao bila mpango atazamwe, maana damu huganda ndani ya moyo wa namna hiyo ikapanda kichwani.

Twawaomba maimamu wayasome haya mambo manne baada ya sala ya Ijumaa, na walimu wa madrasa wayafundishe watoto, kwa kuwa mara nyingi mtoto ndiye anayekuwa peke yake nyumbani na bibi yake. Uso, mikono, maneno, saa: hayo hayamshindi mtoto wa miaka minane.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wallahu aalam.