Mauti Tatu, Uzima Mmoja

Somo: Waefeso 2:1–10

Maandiko yataja mauti kwa namna tatu. Mauti ya mwili ni roho kuachana na mwili. Mauti ya roho ni mtu kuachana na Mungu, ingawa angali akilima, akila na kucheka. Mauti ya pili, itajwayo katika Ufunuo 20, ni kuachana huko kusikokuwa na mwisho.

Mtume Paulo hawaambii Waefeso kwamba walikuwa wagonjwa, bali wafu. Mgonjwa aweza kunyosha mkono apokee dawa, maiti hawezi. Lazaro alikuwamo kaburini siku ya nne, aliitwa, akatoka. Neno lililomwita ndilo lililompa masikio ya kusikia. Ndivyo tuokolewavyo: kwa neema, kwa njia ya imani. Matendo mema hufuata. Maiti hapumui ili apate uzima. Aliye hai hupumua.

Tena uzima wa milele hauanzi kaburini. Kwa Yohana 5:24, aaminiye amekwisha kuvuka. Lakini Sardi walikuwa na jina la kuwa hai, nao wamekufa (Ufunuo 3:1).

Basi, msomaji, usiulize tu, “Nikifa nitakwenda wapi?” Uliza leo, “Je, mimi ni hai?” Naye Kristo angali akiita.