Naamani na Maji ya Yordani

Tukitaja watu waliosita kumtii Mungu, wengi wetu humkumbuka Yona aliyetaka kukimbilia Tarshishi, au Musa aliyejitetea kuwa si msemaji. Hao walitumwa kazi nzito. Mwezi huu, kwa kuwa ukurasa wetu ni wa afya, tumtazame Naamani (2 Wafalme, sura ya 5). Yeye aliambiwa jambo jepesi, akakasirika.

Naamani alikuwa jemadari wa Siria, naye alikuwa na ukoma. (Neno la Kiebrania lililotumika hapo lilihusu magonjwa mengi ya ngozi, hivyo huenda haukuwa ukoma tunaoujua leo.) Msichana mateka kutoka Israeli ndiye aliyeleta habari za nabii. Jemadari akafunga safari na farasi, magari, fedha, dhahabu na mavazi kumi. Elisha hakutoka hata mlangoni! Alimtuma mtu tu, amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani alitegemea nabii asimame mbele yake, aombe, apunge mkono mahali penye ugonjwa. Tena kwao Damasko hakukuwa na mito bora, Abana na Farpari? Akageuka aende zake kwa hasira. Kilichomchukiza si ugumu wa amri, bali udogo wake. Watumishi wake wakamwendea, wakimwita baba, wakamuuliza: kama angeagizwa jambo kubwa, asingelifanya?

Akina Naamani tunao hata leo. Tiba ya ukoma hutolewa bure: vidonge vya miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Mtu akisikia hivyo huuliza, "Vidonge tu?" Kisha huuza mbuzi aende kwa mganga wa mbali, na huku mishipa ya fahamu inazidi kuharibika. Dawa huua vijidudu, lakini haiwezi kunyoosha vidole vilivyokwisha kupinda.

Ukoma hudanganya kwa kuwa hauumi. Ukiona baka lililofifia rangi au jekundu, lisilowasha, fumba macho na mwenzako aliguse kwa pamba. Usipohisi kitu, nenda zahanati au kituo cha afya wiki hii hii.

Wapo pia wanaoanza dawa, wakaacha njiani. Rifampisini hufanya mkojo kuwa mwekundu, na klofazimini hutia ngozi weusi kwa muda. Mgonjwa hudhani anadhurika. Tukumbuke kuwa Maandiko hayatuelezi kwamba Naamani aliona nafuu alipozama mara ya kwanza, wala ya tatu. Ngozi yake ilikuwa kama ya mtoto baada ya mara ya saba.

Kama mgonjwa yumo nyumbani mwako, zungumza naye kama wale watumishi, kwa heshima na bila kumkaripia. Mkienda kuchukua dawa, watu wote wa nyumba hiyo wapimwe ngozi.