Sheria ya Utoaji Mimba na Mgonjwa Anayechelewa Kufika

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina vifungu vitatu ambavyo kila mtumishi wa afya amevisikia, ingawa wachache wamevisoma. Kifungu cha 150 kinampa anayemtoa mwanamke mimba isivyo halali kifungo cha hadi miaka 14. Cha 151, mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152, anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumikaje, miaka 3. Kifungu cha 230, kisomwacho kwa nadra, kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na ustadi ili kuokoa maisha ya mama.

Hakuna hata kimoja kinachokataza kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, iwe yenyewe au kwa mkono wa mtu. Hata hivyo, hofu ya vifungu hivyo huwafungia wagonjwa majumbani. Mwenye fedha hutibiwa mapema, tena kwa faragha. Maskini hufika akiwa hoi.

Nikiwa katika mafunzo ya ubingwa nilimpokea binti aliyevuja damu kwa siku nne. Kituo cha kwanza kilimtaka alete kwanza fomu ya PF3 kutoka polisi. Alipotufikia alikuwa na homa kali, na maambukizi yalikwisha kuingia katika damu. Tuliokoa maisha yake; kizazi hatukuweza. Hadi leo sijui kama mimba ile ilitolewa au ilitoka yenyewe, wala matibabu yasingebadilika kwa kujua.

Mtumishi mwenzangu, muulize mgonjwa historia ili umtibu; upelelezi si kazi yetu, na asemacho ni siri yake. Pima presha na joto, weka dripu, anza antibiotiki palipo na dalili za maambukizi. Masalia ya mimba changa huondolewa kwa pampu ya mkono au vidonge vya misoprostoli. Kukwangua kwa chuma kumepitwa na wakati. Asiondoke bila kuelezwa uzazi wa mpango, kwani yai laweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili.

Nawe mgonjwa, ukiona damu inalowesha pedi mbili kwa saa, homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Kama ulimeza vidonge au uliingiza chochote ukeni, mweleze anayekutibu.